Jinsi ya Kuipa Kampaundi Jina Lake kwa Kusoma Fomula: Mwongozo Kamili

Mwanafunzi akiona NaCl hujibu bila kusita: sodiamu kloraidi. Akiona CaCl₂ anaanza kujiuliza kama ni kalsiamu kloraidi au kalsiamu daikloraidi. Akifika kwenye FeCl₃ na PCl₃, ambazo kwa macho zinafanana kabisa, anabahatisha. Mara nyingi tatizo si uvivu. Alipewa kanuni nyingi bila kuambiwa zinatafuta nini.

Zote zinatafuta kitu kimoja. Jina la kampaundi, yaani kitu kilichoundwa na elementi mbili au zaidi zilizoungana, ni sahihi pale mtu ambaye hajaiona fomula anapoweza kuiandika upya kwa kusikia jina tu, bila kuuliza swali lolote. Taarifa ambayo anaweza kuipata mwenyewe, jina haliibebi. Taarifa ambayo hawezi kuipata, jina lazima liibebe. Ndiyo maana CaCl₂ haihitaji neno la kuhesabu klorini, FeCl₃ inahitaji namba ya Kirumi, na PCl₃ inahitaji kuhesabiwa. Ukilielewa hilo, kanuni utakazosoma hapa chini utaziona zinatoka mahali pamoja, na hutalazimika kuzikariri moja moja.

Utaratibu huu una historia ndefu. Mwaka 1787, wanakemia wanne wa Ufaransa, Guyton de Morveau, Lavoisier, Berthollet na Fourcroy, walipendekeza kwamba jina la kitu lieleze kimeundwa na nini, badala ya majina ya zamani yaliyotokana na rangi, mahali au mtu aliyekigundua. Leo kanuni zinasimamiwa na IUPAC, shirika la kimataifa la kemia lililoanzishwa mwaka 1919.

Kabla ya kuanza, weka jedwali la elementi karibu nawe. Katika mwongozo huu elementi zisizo metali nitaziita simetali, na majina ya kampaundi nitayaandika kwa mpangilio uleule wa fomula: kilichoandikwa kwanza kinatajwa kwanza.

Hatua ya 1: Soma fomula polepole

Kila herufi kubwa inaanzisha elementi mpya. Co ni elementi moja, kobalti. CO ni elementi mbili, kaboni na oksijeni, na ni gesi inayoua. Tofauti hiyo yote imo katika ukubwa wa herufi moja, kwa hiyo unapoandika kwa mkono, andika herufi ndogo iwe ndogo kweli.

Baadhi ya alama hazifanani na majina kwa sababu zilitoka katika Kilatini: Na ni sodiamu, K ni potasiamu, Fe ni chuma, Cu ni shaba, Ag ni fedha, Sn ni bati, Pb ni risasi, Hg ni zebaki na Au ni dhahabu. Hizi tisa zijue kwa kichwa.

Namba ndogo iliyo chini inahesabu atomi za alama iliyo kushoto kwake. Ikiwa nje ya mabano, inahesabu kila kilichomo ndani ya mabano. Katika Ca(OH)₂ kuna kalsiamu moja, oksijeni mbili na haidrojeni mbili. Zaidi ya hapo, mabano yanakupa habari muhimu: kilichomo ndani yake ni kundi linalotembea pamoja, na kundi hilo lina jina lake.

Hatua ya 2: Amua familia ya kampaundi

Hapa ndipo jibu zuri hupatikana au kupotea. Usianze kwa kuhesabu atomi. Angalia fomula inaanza na nini.

Ikianza na metali, kampaundi ni ya ioni, yaani ya chembe zenye chaji: metali imetoa elektroni na kubaki na chaji chanya, na upande wa pili umezipokea na kuwa na chaji hasi. Nenda Hatua ya 3. Ikianza na NH₄, pia ni ya ioni ingawa haina metali, kwa sababu NH₄⁺, yaani amoniamu, inafanya kazi ya metali. Ikianza na simetali nyingine, kama kaboni, naitrojeni, fosforasi au salfa, ikifuatiwa na simetali, ni kampaundi ya molekuli. Nenda Hatua ya 6. Ikianza na haidrojeni, huenda ni asidi. Nenda Hatua ya 7.

Kwenye jedwali, metali ziko kushoto na katikati, na simetali ziko juu upande wa kulia. Mstari wa ngazi unaopita karibu na boroni, silikoni na aseniki ndio mpaka. Silikoni na boroni zilizoko mpakani huitwa kwa kanuni za molekuli.

Hatua ya 3: Metali yenye chaji moja tu

Hii ndiyo familia rahisi kuliko zote. Taja metali kama ilivyo, kisha taja simetali ukibadilisha mwisho wake kuwa -aidi. Florini inakuwa floraidi, klorini kloraidi, bromini bromaidi, ayodini ayodaidi, oksijeni oksaidi, salfa salfaidi, naitrojeni naitraidi, fosforasi fosfaidi, na haidrojeni haidraidi.

Hivyo MgO ni magnesiamu oksaidi, K₂S ni potasiamu salfaidi, CaCl₂ ni kalsiamu kloraidi, Al₂O₃ ni aluminiamu oksaidi, na Li₃N ni lithiamu naitraidi.

Namba zimekwenda wapi? Hazihitajiki. Metali zote za Kundi la 1, yaani safu wima ya kwanza ya jedwali (lithiamu, sodiamu, potasiamu na wenzao), zina chaji +1. Za Kundi la 2 (magnesiamu, kalsiamu, bariamu na wenzao) zina +2. Aluminiamu ina +3, zinki +2, na fedha kwa kawaida +1. Upande wa hasi, klorini na ndugu zake wa Kundi la 17 wana −1, oksijeni na salfa −2, naitrojeni na fosforasi −3. Jumla ya chaji katika kampaundi ni lazima iwe sifuri. Mtu akisikia "aluminiamu oksaidi", anajua ana +3 na −2, na njia fupi ya kuzisawazisha ni mbili kwa tatu: Al₂O₃. Hakuna fomula nyingine inayowezekana, kwa hiyo ukisema "daialuminiamu traioksaidi" unamwambia jambo ambalo tayari analijua. Katika mtihani wa shule jibu la namna hiyo husahihishwa kuwa kosa, na mimi naona ni haki, maana linaonyesha kwamba mwandishi hakutambua familia.

Hatua ya 4: Metali yenye chaji zaidi ya moja

Metali nyingi za katikati ya jedwali, pamoja na bati na risasi, hubadilika chaji kulingana na kampaundi. Chuma kina +2 au +3. Shaba ina +1 au +2. Risasi na bati zina +2 au +4. Kromiamu, manganisi na kobalti nazo zimo. Ukisema tu "chuma kloraidi", msikilizaji atauliza: ni FeCl₂ au FeCl₃? Ni vitu viwili tofauti. Jina halijatosha.

Dawa yake ilipendekezwa na mwanakemia Alfred Stock wa Ujerumani mwaka 1919: andika chaji ya metali kwa namba ya Kirumi ndani ya mabano, imeshikana na jina la metali. FeCl₂ ni chuma(II) kloraidi na FeCl₃ ni chuma(III) kloraidi. Unaposoma kwa sauti, sema "chuma tatu kloraidi".

Chaji hiyo unaipata kwa kuikokotoa kutoka upande hasi, ambao haubadiliki. Chukua Fe₂O₃. Oksijeni tatu, kila moja −2, zinafanya −6. Kwa hiyo upande wa chuma lazima uwe +6. Atomi za chuma ni mbili, kila moja inabeba +3. Jina: chuma(III) oksaidi. Chukua PbO₂: oksijeni mbili ni −4, risasi ni moja, kwa hiyo ni risasi(IV) oksaidi. Chukua Cu₂O: oksijeni moja ni −2, shaba ni mbili, kila moja +1. Jina: shaba(I) oksaidi.

Simama kidogo kwenye Cu₂O, kwa sababu ndipo wengi wanapoanguka. Wanaiona namba 2 karibu na shaba na kuandika shaba(II). Namba ya Kirumi haihesabu atomi. Inaeleza chaji ya atomi moja. CuO, isiyo na namba yoyote, ndiyo shaba(II) oksaidi. Kila mara fanya hesabu, hata kama unaona jibu "liko wazi".

Wakati mwingine hesabu inakataa, na hapo ndipo kemia inapoonyesha mambo ya kuvutia. Fe₃O₄ ina oksijeni nne, yaani −8, lakini 8 haigawanyiki kwa 3. Sababu ni kwamba atomi za chuma humo hazifanani: moja ni +2 na mbili ni +3, jumla +8. Jina linasema ukweli huo waziwazi: chuma(II,III) oksaidi. Hili ndilo jiwe la sumaku, magnetaiti.

BaO₂ ni mtego wa aina nyingine. Kwa hesabu ya kawaida bariamu ingekuwa +4, lakini bariamu iko Kundi la 2, haiwezi kuwa zaidi ya +2. Kwa hiyo ni oksijeni iliyobadilika: atomi mbili zimeshikana na kubeba −2 kwa pamoja. Ioni hiyo, O₂²⁻, inaitwa peroksaidi, na kampaundi ni bariamu peroksaidi. Na₂O₂ ni hivyohivyo, sodiamu peroksaidi, na usiifupishe kuwa NaO. Kanuni ya kukumbuka: metali yenye chaji moja ikionekana kuvunja tabia yake, chunguza upande wa pili.

Zebaki nayo ina desturi yake. Katika Hg₂Cl₂ atomi mbili za zebaki zimeungana kuwa Hg₂²⁺, kila moja ikihesabiwa +1, kwa hiyo jina ni zebaki(I) kloraidi, na fomula haifupishwi kuwa HgCl. HgCl₂ ni zebaki(II) kloraidi, sumu kali.

Katika vitabu vya zamani na kwenye chupa za maabara utakutana na majina kama ferasi kloraidi na feriki kloraidi. Mwisho wa -asi unaonyesha chaji ndogo na wa -iki chaji kubwa: ferasi ni chuma(II), feriki ni chuma(III), kuprasi ni shaba(I), kupriki ni shaba(II). Yajue ili uyatambue, lakini usiyatumie. Hayasemi chaji ni ngapi, yanasema tu ipi ni kubwa kuliko nyingine, na msomaji analazimika kukumbuka mengine mwenyewe.

Hatua ya 5: Ioni zenye atomi nyingi

Fomula ikiwa na elementi tatu au zaidi na inaanza na metali au NH₄, karibu kila mara ndani yake kuna kundi la atomi lenye chaji na jina lake. Hapa hakuna njia ya mkato. Makundi haya yanakaririwa. Anza na haya:

OH⁻ haidroksaidi
NO₃⁻ naitreti
NO₂⁻ naitraiti
SO₄²⁻ salfeti
SO₃²⁻ salfaiti
CO₃²⁻ kaboneti
HCO₃⁻ haidrojenikaboneti
PO₄³⁻ fosfeti
MnO₄⁻ pamanganeti
CrO₄²⁻ krometi
Cr₂O₇²⁻ daikrometi
CN⁻ sayanaidi
CH₃COO⁻ asiteti
NH₄⁺ amoniamu

Ukitambua kundi, kazi inarudi kuwa ileile ya Hatua ya 3 na ya 4: taja cha kwanza, kisha taja kundi bila kulibadilisha mwisho. Ca(OH)₂ ni kalsiamu haidroksaidi. NaHCO₃ ni sodiamu haidrojenikaboneti. KMnO₄ ni potasiamu pamanganeti. Ca₃(PO₄)₂ ni kalsiamu fosfeti, na NH₄NO₃ ni amoniamu naitreti. Namba zilizo nje ya mabano hazitajwi, kwa sababu chaji zinatosha kuzirudisha.

Metali yenye chaji zinazobadilika bado inadai namba ya Kirumi. Katika Fe₂(SO₄)₃ kuna salfeti tatu, kila moja −2, jumla −6; chuma ni mbili, kila moja +3; jina ni chuma(III) salfeti. Katika CuSO₄ salfeti ni moja, −2, kwa hiyo ni shaba(II) salfeti.

Mwisho wa -eti na -aiti una maana. Kwa elementi ileile, -eti ina oksijeni nyingi zaidi na -aiti ina pungufu kwa moja. Klorini inakamilisha ngazi nzima: ClO⁻ ni haipokloraiti, ClO₂⁻ ni kloraiti, ClO₃⁻ ni kloreti, ClO₄⁻ ni pakloreti. "Haipo-" inashusha chini ya -aiti, "pa-" inapandisha juu ya -eti. Lakini usidhani -eti ina idadi maalumu ya oksijeni: naitreti ina tatu, salfeti ina nne. Kipimo ni kulinganisha ndugu wa elementi moja, si elementi tofauti.

Sasa angalia majina matatu yanayokaribiana hatari. Mg₃N₂ ni magnesiamu naitraidi, haina oksijeni hata chembe. Mg(NO₂)₂ ni magnesiamu naitraiti. Mg(NO₃)₂ ni magnesiamu naitreti. Aidi, aiti, eti. Sikio linaweza kuzichanganya na kalamu pia, na matokeo yake si alama za mtihani tu. Bariamu salfeti, BaSO₄, hunyweshwa wagonjwa kabla ya picha ya eksirei ili tumbo na utumbo vionekane, na ni salama kwa sababu haiyeyuki katika maji wala katika asidi ya tumbo. Bariamu salfaidi, BaS, ni sumu. Silabi za mwisho ndizo zinazotenganisha kipimo cha hospitali na kitu cha kumdhuru mgonjwa. Kwa hiyo tamka miisho hii kwa ukamilifu na uiandike kwa uangalifu. Kwa maoni yangu ndilo jambo linalostahili mazoezi mengi kuliko lolote katika somo hili.

Jambo moja zaidi kabla hatujaacha ioni. SO₃ peke yake, bila metali mbele, si salfaiti. Ni molekuli isiyo na chaji, na jina lake linatoka Hatua ya 6: salfa traioksaidi. Vilevile NO₂ peke yake ni naitrojeni daioksaidi, ilhali NaNO₂ ni sodiamu naitraiti. Kundi linakuwa ioni pale lina mwenza wa chaji chanya. Angalia kwanza kama mwenza huyo yupo.

Hatua ya 6: Simetali mbili

Simetali zinachangia elektroni badala ya kupeana, na elementi zilezile mbili zinaweza kuungana kwa idadi mbalimbali. Naitrojeni na oksijeni pekee zinatoa N₂O, NO, N₂O₃, NO₂, N₂O₄ na N₂O₅. Chaji haziwezi kukuambia ipi ni ipi, kwa hiyo jina linahesabu waziwazi kwa viambishi hivi:

1 mono, 2 dai, 3 trai, 4 tetra, 5 penta, 6 heksa, 7 hepta, 8 okta, 9 nona, 10 deka.

Elementi ya kwanza inatajwa kwa jina lake, ikiwa na kiambishi endapo atomi ni zaidi ya moja. Ya pili inachukua mwisho wa -aidi na kiambishi kila mara, hata kama atomi ni moja. "Mono" haiwekwi kwenye elementi ya kwanza. Kwa hiyo CO ni kaboni monoksaidi, CO₂ ni kaboni daioksaidi, PCl₃ ni fosforasi traikloraidi, PCl₅ ni fosforasi pentakloraidi, SF₆ ni salfa heksafloraidi, CS₂ ni kaboni daisalfaidi, na N₂O ni dainaitrojeni monoksaidi.

Irabu zikigongana mbele ya oksaidi, ya kiambishi huachwa: monoksaidi badala ya monooksaidi, tetroksaidi badala ya tetraoksaidi, pentoksaidi badala ya pentaoksaidi. N₂O₄ ni dainaitrojeni tetroksaidi, P₄O₁₀ ni tetrafosforasi dekoksaidi. Dai na trai hazipunguzwi: daioksaidi, traioksaidi.

Usifupishe fomula za molekuli. N₂O₄ si NO₂ iliyoandikwa mara mbili. Hizo ni gesi mbili tofauti, NO₂ ya rangi ya kahawia na N₂O₄ isiyo na rangi, ingawa moja hubadilika kuwa nyingine.

Baadhi ya majina ya zamani yamekubaliwa rasmi na hayabadilishwi: H₂O ni maji, NH₃ ni amonia, CH₄ ni metheni. Usipoteze muda kuyatengenezea majina ya viambishi. Na kuna ukweli mmoja ambao walimu wengine huuficha: viwandani na madukani utasikia titaniamu daioksaidi kwa TiO₂ na manganisi daioksaidi kwa MnO₂, ingawa titaniamu na manganisi ni metali. IUPAC inaruhusu majina hayo pia, maana fomula inarudi bila shida. Katika masomo, hata hivyo, andika titaniamu(IV) oksaidi na manganisi(IV) oksaidi, kwa sababu yanaonyesha kwamba umekokotoa chaji.

Hatua ya 7: Asidi

Kampaundi inayoanza na haidrojeni inaweza kuwa na majina mawili kutegemea iko wapi. HCl ikiwa gesi ni haidrojeni kloraidi. Ikiyeyushwa katika maji ni asidi ya haidrokloriki. Vivyo hivyo H₂S ni haidrojeni salfaidi ikiwa gesi, na myeyusho wake ni asidi ya haidrosalfuriki. Haidrojeni haipewi kiambishi cha idadi hapa, kwa sababu chaji +1 ya haidrojeni inatosha.

Asidi zenye oksijeni huitwa kwa kuangalia ioni iliyobaki ukiondoa haidrojeni. Ioni ikiishia na -eti, asidi huishia na -iki. Ikiishia na -aiti, asidi huishia na -asi. H₂SO₄ ina salfeti, kwa hiyo ni asidi ya salfuriki. H₂SO₃ ina salfaiti, kwa hiyo ni asidi ya salfurasi. HNO₃ ni asidi ya naitriki, HNO₂ ni asidi ya naitrasi. H₂CO₃ ni asidi ya kaboniki, H₃PO₄ asidi ya fosforiki. Ngazi ya klorini inaendelea: HClO ni asidi ya haipoklorasi, HClO₄ ni asidi ya pakloriki.

Kumbuka neno "haidro-" mwanzoni ni alama kwamba hakuna oksijeni. Ukiona oksijeni kwenye fomula, "haidro-" haina nafasi. Asidi ya asetiki huandikwa CH₃COOH, haidrojeni yake ya asidi ikiwa mwisho, kwa sababu ni kampaundi ya kaboni yenye desturi yake ya kuandikwa.

Hatua ya 8: Chumvi zenye maji ndani yake

Nukta katikati ya fomula, kama kwenye CuSO₄·5H₂O, inamaanisha kwamba fuwele imebeba molekuli za maji. Taja chumvi, yaani kampaundi ya ioni, kwanza kwa kanuni zake, kisha ongeza neno haidreti lenye kiambishi cha idadi: shaba(II) salfeti pentahaidreti. Hapa viambishi vinarudi hata kwenye kampaundi ya metali, na sababu ni ileile ya mwanzo: hakuna chaji inayoweza kumwambia mtu maji ni mangapi. MgSO₄·7H₂O ni magnesiamu salfeti heptahaidreti, na Na₂CO₃·10H₂O ni sodiamu kaboneti dekahaidreti.

Maji hayo si pambo. Ukiipasha moto shaba(II) salfeti pentahaidreti, rangi ya buluu inapotea na unabaki na unga mweupe wa CuSO₄. Ukiudondoshea maji, buluu inarudi. Ukipima gramu kwa ajili ya myeyusho na ukasahau neno "pentahaidreti", utaweka shaba pungufu, kwa sababu zaidi ya theluthi moja ya uzito ni maji.

Jaribu sasa

Funika majibu, andika jina, kisha fanya kipimo kilichotajwa mwanzoni: je, kutoka kwenye jina hilo unaweza kuirudisha fomula?

Na₃PO₄. Inaanza na metali ya Kundi la 1, kundi la pili ni fosfeti. Sodiamu fosfeti.

Pb(NO₃)₂. Naitreti mbili, jumla −2, risasi moja. Risasi(II) naitreti.

CrO₃. Oksijeni tatu ni −6, kromiamu moja. Kromiamu(VI) oksaidi. Kama uliandika kromiamu(III), uliinakili namba ya chini. Rudi Hatua ya 4.

Cl₂O. Simetali mbili. Daiklorini monoksaidi.

N₂O₃. Simetali mbili. Dainaitrojeni traioksaidi.

(NH₄)₂SO₄. Amoniamu na salfeti, zote zina chaji zinazojulikana. Amoniamu salfeti, bila "dai".

K₂Cr₂O₇. Ukiigawa vipande, usianze kuhesabu chaji ya kromiamu. Cr₂O₇ ni kundi moja. Potasiamu daikrometi. "Dai" hapa ni sehemu ya jina la ioni yenyewe, haihesabu potasiamu wala daikrometi.

FeS₂. Kwa hesabu ya haraka ni chuma(IV), chaji ambayo si ya kawaida kwa chuma. Kama ilivyokuwa kwa peroksaidi, salfa mbili zimeshikana na kubeba −2 kwa pamoja. Chuma(II) daisalfaidi, madini ya pairaiti yanayong'aa kama dhahabu.

Cu(ClO₄)₂·6H₂O. Pakloreti mbili ni −2, shaba ni moja, maji sita. Shaba(II) pakloreti heksahaidreti.

Na la mwisho liende kinyume, kutoka jina kwenda fomula: chuma(III) naitreti nonahaidreti. Chuma ni +3, naitreti ni −1, kwa hiyo zinahitajika naitreti tatu ndani ya mabano. Nona ni tisa. Fe(NO₃)₃·9H₂O.